Njia ya Nanyala

Enesi aliituma tena ile hoja, swali la kompyuta kwa mashine za vituo, akakunja mikono, akangoja. Kwenye kioo cha kompyuta maneno yalikuwa yale yale ya tangu asubuhi: Mission imepokea. Imepokea, lakini haijibu. Vwawa walikuwa wamejibu kabla hajaondoa kidole kwenye kitufe, Mlowo nao wakafuata. Mission peke yake ndiyo iliyosikia ikanyamaza, kama mtu aliyenuna.

Nje, kwenye barabara ya Tunduma, malori yaliyokuwa yakisubiri kuvuka kwenda Zambia yalikuwa yamezima injini, na madereva wakinunua mahindi ya kuchoma bila kushuka. Ndani ya ghala kulikuwa na baridi ya kiyoyozi ambayo haikuwekwa kwa ajili ya watu. Iliwekwa kwa ajili ya mashine kuu ya Ushirika wa Isandula, yenye kimo cha kabati la nguo, ambayo wafanyakazi wote walikuwa wakiiita Bibi. Bibi hakuwa na habari zote kichwani. Kila kituo cha Ushirika kilikuwa na mashine yake iliyotunza habari za wakulima wake, shamba la nani liko wapi na kahawa ya nani ni ya daraja gani, na Bibi akitaka jambo la mkulima wa Mlowo alimwuliza Mlowo. Ili mashine ziulizane, kila moja ilikuwa na namba yake ya kupokelea wenzake, ambayo mafundi huiita poti, na kila moja ilipaswa kuandikiwa namba za wenzake. Ukikosea tarakimu moja, mashine mbili zinaweza kukaa mwaka mzima zisijuliane hali.

Wiki hiyo Ushirika ulikuwa unahamia laini mpya, na poti zote zilikuwa zinapangwa upya. Eliudi, meneja wa Tunduma, alikwisha kusema: kituo kitakachoshindwa kujibu moja kwa moja kwenye laini mpya hadi ofisi inafungwa leo, kitafutwa. Wakulima wake watahamishiwa Vwawa na jengo litatiwa kufuli. Nanyala walikuwa wamefungwa wiki iliyopita kwa uchache wa wakulima, na mashine yao ilikuwa pale pale ghalani, kwenye kona, imefunikwa gunia. Eliudi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa Singida aliyeletwa kupunguza vituo, naye alikuwa anapunguza.

Fundi wa kuandika hiyo amri ya kufuta alikuwa Enesi. Msimamizi wa kituo cha Mission alikuwa Mzee Yonathani, baba yake Lwitiko, na Lwitiko ndiye mume wake. Mzee alikuwa na kituo kile tangu kilipokuwa mizani na kibanda cha mabati. Kompyuta alijifunza akiwa na mvi tayari, kwa kidole kimoja, na hakuna mkulima wa upande ule ambaye habari zake hazikupita chini ya kidole hicho. Kukifunga kituo ni kumfunga yeye. Na ukoo mzima, kuanzia Mbozi hadi Ileje, ungejua kwamba aliyebonyeza ni mkwe wao.

Mtu mwingine angechukua simu akauliza: baba, umefanya nini huko? Enesi hakuweza. Ukoo wa mumewe ni Wandali waliohamia nyanda za kahawa wakahama na mila zao, na kwa mila hizo mke wa mwana hasemi na baba mkwe. Hamtazami usoni, hamtaji jina, na akimwona njiani hujitenga kwenye migomba mpaka apite. Wala si uonevu, maana mzee naye hukohoa kabla ya kukata kona ili mkwe apate nafasi ya kujitenga. Iko namna ya kuifungua mila hiyo, wazee wakakaa, nyama ikaliwa, maneno yakasemwa. Lakini Lwitiko ni dereva wa malori, na kwa Lwitiko kila jambo ni safari ijayo, hadi mtoto wao Gwalugano ameanza shule mambo hayajafanyika. Neno la Enesi lilimfikia mzee kupitia kwa mama mkwe, Mama Loisi, na neno la mzee lilirudi kwa njia hiyo hiyo. Leo Mama Loisi alikuwa msibani Ileje, mahali ambapo simu hushika ukipanda mlima. Lwitiko alikuwa njiani kurudi kutoka Ndola, hapatikani.

Asubuhi Eliudi alikuwa amempigia mzee mwenyewe. Mzee akamjibu kwa upole kwamba kwake hakuna tatizo, majibu yote ameyatuma. Eliudi alikata simu akatikisa kichwa, akasema wazee wana kazi. Enesi alimwamini mzee. Hakuwa mtu wa kusema ametuma kama hakutuma. Na kama majibu yametoka Mission na hayakufika Tunduma, basi yako mahali.

Macho yake yalikwenda kwenye kona, kwenye lile gunia.

Alilivuta, akapangusa vumbi, akaichomeka mashine ya Nanyala kwenye laini ya zamani ambayo ingekatwa jioni hiyo. Mashine ilikoroma, ikapiga miayo, ikaamka. Haikupita hata dakika majibu ya Mission yakaanza kuingia kwake na kutokea kwa Bibi, moja nyuma ya jingine, kama ng'ombe waliofunguliwa zizi. Yote yalikuwapo. Yalikuwa yanakwenda Nanyala, kwenye mashine iliyozimwa, yanagonga na kukosa mtu.

Enesi alikaa chini sakafuni. Mission kuzunguka Nanyala kulikuwa na maana gani, wakati njia ya moja kwa moja ipo? Kisha akakumbuka. Alipoanza kazi Tunduma, Mission walikuwa wanajibu mara moja. Baada ya siku chache wakawa wazito kidogo, na kila mtu akasema mashine ya Mission imezeeka. Mashine mbili zikiunganishwa moja kwa moja, chini kabisa ya kioo hutokea jina la fundi aliyeko upande wa pili, na nafasi ya kuandikiana. Mzee aliinua macho siku moja, akaliona pale jina la mke wa mwanawe, limekaa, linamtazama. Akafanya kama afanyavyo mtu mwenye adabu njiani. Akakata kona, akapita Nanyala, na miaka yote hiyo amekuwa anapita Nanyala.

Kwanza Enesi aliona haya. Halafu kicheko kikamtoka, peke yake pale sakafuni, halafu machozi yakafuata kicheko. Hakuwahi kujua kwamba kuna mtu anayemheshimu kiasi hicho.

Alimweleza Eliudi lile la kiufundi tu, kwamba majibu yanazungukia Nanyala na inabidi Mission iandikiwe njia ya moja kwa moja. Sababu hakuitaja, maana haikuwa yake peke yake ya kuitembeza mbele ya mtu wa kuja. Eliudi akapiga tena simu, safari hii akaiweka mezani ili wote wasikie. Enesi aligeukia ukutani. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Hilo haliwezekani, mwanangu," akasema. "Na sababu yake si ya kusemea kwenye simu."

Eliudi aliitazama simu, akamtazama Enesi. "Umesikia mwenyewe. Andika amri."

"Ofisi haijafungwa," Enesi alisema.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nakwenda Mission."

Eliudi alimwambia nauli asiitegemee ofisi, na kwamba saa ya kufunga ikifika asipopata jibu ataandika amri yeye mwenyewe, hata akikosea mistari. Enesi alikuwa ameshachukua mkoba.

Njiani kuelekea stendi wazo moja lilimjia, na lilikuwa tamu. Angeweza kurudi, akalifuta jina lake kwenye mashine ya Tunduma, akaweka la Eliudi. Mzee angeona jina la mwanamume mgeni, asingekuwa na haya, angefungua njia leo hii, na mambo yangekwisha bila mtu kusafiri. Alisimama katikati ya wabadilisha fedha, mama mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akamsalimia kwa lugha ya kwao, "Mulishani", asiitike. Halafu akaendelea kwenda. Kila siku mzee angekuwa anatazamana na mkwe wake bila kujua, na Enesi angekuwa anajua. Huko kungekuwa kumvua nguo mtu aliyelala.

Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo alinunua sukari na sabuni ya mche, akapanda gari la Vwawa, na Vwawa akachukua bodaboda. Upepo wa Julai ulikuwa unakata masikio. Mikahawa ya pande zote mbili za barabara ilikuwa imeiva, watu wakichuma, na mara kwa mara alikutana na baiskeli iliyobeba kiroba kinachochuruzika maji mekundu. Kiroba hicho kilikuwa kinakwenda kituoni. Kesho, kama mambo yangeharibika, kingekwenda Vwawa, kikipandishwa vilima vyote vile mgongoni mwa baiskeli. Alimwomba dereva aongeze mwendo.

Alishuka kabla ya kufika, nyuma ya migomba, akafunga kanga moja juu ya suruali yake ya kazi na kujitanda nyingine kichwani hadi mabegani. Kituo kilikuwa jengo dogo la matofali lenye kibaraza. Dirisha la chumba cha mashine lilikuwa nusu wazi, na chini yake, kwenye kikapu kilichochakaa, kuku wa Mama Loisi alikuwa ameatamia. Enesi alipiga magoti kwenye kona ya kibaraza, uso wake akauelekeza kwenye mikahawa, akakohoa.

Ndani kiti kililia. Kisha kikohozi kikajibu.

Hapakuwa na mtu wa kati. Wakulima walikuwa bado mashambani, uwanja ulikuwa mtupu. Lakini watu wa mila ile wanajua kwamba akikosekana mtu, chochote chenye uhai hufaa. Enesi alimgeukia kuku.

"Kuku," alisema, "msalimie baba. Mwambie nimekuja."

Kuku alimtazama kwa jicho moja.

"Kuku," sauti ya mzee ilitoka dirishani, nzito, "mwambie mgeni tumeshinda salama. Mwulize nani anaumwa."

"Mwambie baba hakuna mtu anayeumwa. Kituo ndicho kinachoumwa." Kisha akaeleza yote, polepole, kwa heshima zote anazostahili kuku: habari ya laini mpya, habari ya kufungwa jioni, habari ya mashine ya Nanyala iliyofunikwa gunia. Majibu ya baba yanafika kwenye nyumba isiyo na mtu, alisema. Na ikifika saa ya kufunga, kituo hiki hakitakuwapo.

Mzee alisogea karibu na dirisha.

"Kuku, mwambie kwamba njia ya Nanyala niliiweka mimi, kwa makusudi. Nililiona jina pale chini. Nikasema, mtu hawezi kukaa kutwa ametazamana na mkwe wake. Watu watasema nini, na yeye mwenyewe atajisikiaje?"

"Mwambie baba nimejua leo," Enesi alisema. "Mwambie, ahsante."

Upepo ulipita kwenye mabati. Enesi alingoja ukapita wote, kwa sababu lililobaki lilikuwa gumu.

"Mwambie pia, Nanyala haipo tena. Njia ya kuzunguka imekwisha. Iliyobaki ni ya moja kwa moja, au hakuna."

"Na lile jina litakuwa pale pale chini?"

"Litakuwa pale pale. Ningeweza kulificha. Sikutaka kumdanganya baba."

"Hakutaka kudanganya," mzee alirudia, na haikujulikana anamwambia kuku au anajiambia mwenyewe. Kiti kikalia tena. Alikuwa amesimama, anatembea, hatua chache kwenda na chache kurudi, maana chumba kilikuwa kidogo. Enesi alitazama kivuli cha jengo kilivyorefuka kuelekea kwenye mikahawa. Alitamani kusema zaidi, kutaja wakulima, kutaja vilima vya kwenda Vwawa. Akajizuia. Mzee alivijua vilima hivyo kuliko yeye.

"Kuku," hatimaye dirisha likasema, "mwulize hiyo poti ni namba gani."

Enesi aliitaja tarakimu moja moja. Mzee aliirudia kila moja, na kila moja ikagongwa kwa kidole kizito. Enesi akataja anwani ya Bibi, nayo ikarudiwa, ikagongwa. Kisha Enesi akampigia Eliudi simu, akamwomba kwa sauti ya chini aitume ile hoja.

"Bado," Eliudi alisema. "Imepokea, haijibu. Enesi, watu wanafunga madawati hapa."

Ilibidi Enesi aione mashine. Alimwambia kuku hivyo, na mzee akaelewa. Alikohoa mara mbili kutangaza kwamba anatoka, akatokea mlango wa nyuma, na Enesi alipohakikisha kikohozi kimefika uani akaingia kwa mlango wa mbele. Chumba kilinukia tumbaku na kahawa mbichi. Kompyuta ilikuwa na kitambaa chake cha kufumwa, kimekunjwa vizuri pembeni, na vitufe vilikuwa vimechakaa katikati tu, pale ncha ya kidole inapotua.

Aliangalia. Namba ilikuwa sahihi, anwani sahihi, hakuna hata nukta iliyokosewa. Lakini mzee alikuwa ameuandika mstari mpya chini ya ule wa zamani. Njia ya Nanyala ilikuwa bado juu. Mashine husoma kuanzia juu, na ikikuta njia haihangaiki kutafuta ya pili. Iliona Nanyala, ikaenda Nanyala, ikagonga, ikakosa mtu, ikakaa kuwangoja wafu.

Kuufuta ule mstari kulikuwa kubonyeza mara moja. Kidole chake kilikuwa tayari kwenye kitufe. Simu ilitetemeka mfukoni, akajua ni Eliudi.

Akakiondoa kidole. Mstari ule haukuwa kosa la kiufundi. Mzee aliuweka kwa ajili yake, kama mtu anavyompisha mwenzake njiani, na hawezi mwenye kupishwa kuja kumsukuma aliyempisha. Angeufuta yeye, mashine ingejibu leo, na mzee angebaki na aibu moyoni, na siku moja angeurudisha au angeiacha kazi. Enesi alikiweka kiti kama alivyokikuta. Alipokea simu akitoka.

"Meneja, nakuomba. Usifute bado."

"Hadi lini?"

"Nikwambie kweli? Sijui. Lakini usifute."

Eliudi alishusha pumzi ndefu, asikate simu. Enesi alipiga magoti tena pale pale, simu akaiweka chini ya kanga.

"Kuku, mwambie baba kila alichoandika ni sahihi. Lakini mstari wa Nanyala uko juu, na ukiwa juu mashine haiwezi kuuona wa chini. Mmoja lazima uondoke. Mwambie sikuugusa. Ni wake."

Mlango wa nyuma ukafunguka, ukafungwa. Kiti kikapokea uzito wa mzee. Baada ya hapo hakusikia kitu, hata hatua, hata kikohozi. Enesi aliuma pindo la kanga. Hakuwahi kungoja jibu la mashine kwa namna hii, wala la mtu. Kuku aliinuka, akajikung'uta, akashuka kibarazani na kwenda zake nyuma ya jengo kuparua kwenye maganda ya kahawa, kama kuku wanavyofanya wakichoka kuatamia.

Ndani kitufe kikalia. Mara moja.

Chini ya kanga sauti ndogo ya Eliudi ilianza kusema. Enesi aliiinua simu hadi sikioni. "Mission wamejibu," meneja alikuwa anasema, na haikuwa sauti ya mtu aliyeletwa kupunguza. "Moja kwa moja. Bibi anawauliza sasa hivi na wanajibu. Enesi? Upo?"

Machozi yalikuwa yanamtoka bila kelele, na alikuwa amechoka kama mtu aliyelima tangu alfajiri. Alikusanya nguvu za kusimama, aiache ile sukari na sabuni mlangoni, aingie kwenye migomba kabla mzee hajatoka. Hapo sauti ikatoka dirishani.

"Mama Gwalugano."

Enesi alitazama kikapuni. Kulikuwa na mayai tu. Alitazama uwanjani, hadi kwenye mikahawa, hapakuwa na mtu wala kiumbe aliyetumwa.

"Mama Gwalugano," mzee alisema tena, polepole, akilipima kila neno kabla ya kulitoa. "Jina liko hapa chini. Nimeliona. Na Tunduma wanauliza kahawa ya mkulima Kalisti, kama ni ya bondeni au ya mlimani. Niwajibu?"

Uso wa Enesi ulikuwa bado kwenye mikahawa, na hakuugeuza.

"Wajibu, baba," alisema.

Kidole kimoja kikaanza kugonga, herufi na herufi, bila haraka. Upepo ulikuwa umeongezeka, na kikapuni mayai yalikuwa wazi, yanapata baridi. Enesi alijitandua kanga ya kichwani, akaikunja mara mbili, akayafunika.